Namna ya Kuandika Hadithi Nyepesi ya Mapenzi na Maajabu Kuhusu Msuka Mikeka

Mkeka ni kitu cha kukaliwa. Hutandikiwa wageni, ndoa hufungwa juu yake, mtoto mchanga hulazwa juu yake na maiti vilevile, kisha hukunjwa na kuegemezwa ukutani, na katika shughuli zote hizo ni nadra mtu kuuliza ni mkono wa nani uliousuka. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kutunga hadithi nyepesi ya mapenzi yenye maajabu, inayomhusu mwanamke fundi asiyethaminiwa ambaye mwishowe anapata mahali pake, hana haja ya kwenda mbali kumtafuta mhusika. Lugha yetu imekwisha kumfanyia nusu ya kazi: kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi. Mwanamke anayewapa watu wote pa kukaa, ilhali yeye mwenyewe hana pake, ni hadithi tayari kabla kalamu haijagusa karatasi.

Nitaeleza utaratibu wa kuiandika kwa kutumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ushauri wa jumla kuhusu utunzi husomwa kwa raha na kusahauliwa upesi. Fundi wetu tumwite Mize. Anakaa katika mji mdogo wa kisiwa kisichokuwemo katika ramani yoyote, lakini chenye pepo, miti na desturi za pwani tunayoijua, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Pemba na Unguja. Mwandishi mwenye mfinyanzi au mshona kofia kichwani mwake anaweza kufuata njia hii hii, mradi awe anaijua kazi ya fundi wake.

Jifunze kazi kabla ya kumjua mhusika

Wengi huanza na huzuni ya mhusika, kisha wakamtafutia kazi ya kumpa mikononi, kana kwamba kazi ni vazi tu. Matokeo yake ni fundi ambaye hatumwoni akifanya lolote. Anza na kazi. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yakauke na kupauka, huchanwa kuwa chane nyembamba, na zile zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika maji ya rangi. Chane husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu unaopimwa kwa pima, na kili hizo hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, yaani sindano nene ya mikeka, mpaka mkeka ukamilike, kisha ukingo wake hutiwa taraza ili usifumuke. Ukindu ndio wa mikeka mizuri ya rangi; miyaa ya mkoma ni migumu zaidi, na aghalabu hutumika kwa makanda, vikapu na majamvi. Mwandishi anayechanganya mkeka na jamvi atapoteza wasomaji wote wa Pwani katika ukurasa wa kwanza, na itakuwa haki yake.

Katika rasimu yangu ya kwanza ya hadithi ya namna hii nilimweka fundi akisuka uani wakati wa adhuhuri, jua likiwaka na upepo ukivuma, kwa sababu picha hiyo ilinipendeza. Shangazi yangu, ambaye amesuka maisha yake yote, aliisikiliza mpaka hapo akaniuliza kwa upole kama fundi wangu anasuka mkeka au anavunja kuni. Chane zikikauka sana hukatika, na ndiyo maana msukaji huzilowesha kidogo, hukaa kivulini na huipenda asubuhi au jioni. Kosa lile lilinifaa kuliko sifa zote nilizowahi kupewa, kwa kuwa tangu hapo Mize akapata saa zake za kazi, na saa za kazi zikampangia ni nani anaweza kupita mlangoni kwake na wakati gani.

Ukishaijua kazi, huzuni itajileta. Tazama namna mbili za kuanza. Ya kwanza ndiyo tunayoikuta mara nyingi:

“Mize alikuwa msuka mikeka hodari kuliko wote kisiwani, lakini hakuna aliyemthamini. Kila usiku alilia kwa upweke.”

Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, wala hazina mtu ndani yake. Ya pili ni hii:

“Mize aliing’ata chane, akaitupa, akachukua nyingine. Ukili ulikuwa umefika pima ya saba, na mstari wa zambarau ulikuwa umeanza kwenda upande kwa sababu ya chane moja aliyoiruka jana, Mwanahamisi alipopita kuuliza kama bado yapo yale majamvi ya bei rahisi. Angeweza kuuacha. Mkeka ungetandikwa, watu wangekaa, na hakuna jicho ambalo lingeliona kosa lile. Alifumua pima nzima.”

Hapa hatujaambiwa kwamba ni hodari, wala kwamba hathaminiwi, lakini yote mawili tumeyaona. Zaidi ya hayo, tumepanda mbegu: pahali palipofumuliwa na kusukwa upya patabaki na alama ndogo ya rangi, na mtu atakayeiona alama hiyo baadaye ndiye atakayestahili kupendwa. Msomaji hajui bado. Mwandishi lazima ajue.

Ajabu liwe moja, na litokane na kazi

Hadithi nyepesi haibebi maajabu mengi. Joka, pete ya bahati, jini wa mbuyuni na kioo kinachosema vikiingia katika kurasa thelathini hugombania nafasi, na fundi husukumwa pembeni kwa mara nyingine, safari hii na mwandishi mwenyewe. Chagua ajabu moja ambalo lisingeweza kuwapo bila kazi ya mhusika wako, lipe kanuni inayoweza kusemwa kwa sentensi moja, kisha usiivunje kanuni hiyo hata pale inapokubana.

Katika mfano wetu kanuni ni hii: mtu akisema uongo akiwa amekaa juu ya mkeka uliosukwa na Mize, hupiga chafya.

Nimeichagua kwa sababu inachekesha, lakini pia kwa sababu inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inaeleza kwanza kwa nini fundi hathaminiwi, jambo ambalo hadithi nyingi hulidai tu bila kulieleza. Watu wa mji hawajui siri ya mikeka. Wanachojua ni kwamba kila wakiikalia wanapiga chafya, hasa wafanyabiashara, mashekhe wa kujipachika na wazee wanaosimulia ushujaa wao wa ujanani. Wamekata shauri kwamba Mize hausafishi ukindu wake vizuri, na kwamba mikeka yake ina vumbi. Wapo wachache wasiowahi kupiga chafya, miongoni mwao watoto wadogo na Bi Kije, kikongwe asiyeona, lakini nani anauliza maoni ya hao kuhusu biashara? Pili, kanuni hii inatupa njia ya kumwonyesha mwanamume mwema bila kumsifu. Tatu, inamwekea Mize mtego wake mwenyewe, kwa kuwa yeye pia yumo chini ya sheria hiyo, na kwa miaka mingi amejizoeza kuwaambia watu kwamba yu salama, hana shida, hahitaji mtu. Ndiyo maana hakai juu ya kazi yake. Hukalia mbuzi ya kukunia nazi, na mtu akimuuliza sababu husema mgongo unamuuma, jambo ambalo juu ya mbuzi anaweza kulisema bila wasiwasi.

Neno moja la tahadhari. Tumia maneno kama ajabu, siri au kipawa, na uliepuke neno uchawi isipokuwa unajua unachokitafuta. Katika lugha nyingine mchawi anaweza kuwa mtu wa kuchekesha mwenye kofia ndefu, lakini kwetu neno hilo ni shtaka, na katika maeneo kadhaa ya Tanzania, hususan Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa hivyo. Hadithi nyepesi haiwezi kulibeba jambo hilo na ikabaki nyepesi. Majini nao waachie hadithi nyingine, kwa kuwa wasomaji wengi hawawahesabu kuwa jambo la kubuni hata kidogo.

Kutothaminiwa kuonekane katika bei

Dharau kubwa, kama ile ya kumtukana fundi hadharani, ni rahisi kuiandika na haiaminiki sana. Dharau ya kweli ni ndogo na ina adabu, na mahali pake pa kawaida ni katika kupatana bei. Andika walau onyesho moja la kupatana huko kwa ukamilifu:

“Nusu riale?” Mwanahamisi aliuinua mkeka kwa vidole viwili. “Mwanangu, na ukindu si unaota wenyewe porini?”
“Unaota, mama. Ukate, uuanike, uuchane, uutie rangi, uusuke, uushone, kisha uje uniuzie mimi kwa bei hiyo unayoitaka wewe.”
“Una ulimi, Mize.”
“Ulimi hauna bei. Mkeka ni nusu riale.”
Aliuchukua kwa robo.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ni fupi kwa makusudi. Mpe mhusika wako ulimi, kwa maana fundi anayeonewa akinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho huchosha, na msomaji wa hadithi nyepesi anataka kucheka pamoja naye kabla ya kumhurumia. Lakini ulimi huo usimshindie. Angalia pia kwamba Mwanahamisi anamwita mwanangu na Mize anamwita mama, kwa kuwa mwanamke wa pwani hambwatukii mtu mzima hata anapomjibu, na kejeli huuma zaidi ikivikwa heshima.

Majina ya kuitana yanastahili kupangwa kama zinavyopangwa rangi za ukili. Katika sura za mwanzo mjini hakuna anayemwita Mize kwa kazi yake. Yeye ni binti fulani, ni wewe mwanangu, ni yule wa mikeka ya vumbi. Neno fundi wanaitwa wanaume: wa mawe, wa mbao, wa vyombo. Mtu wa kwanza kulitamka kwake asilitamke kwa mbwembwe. Alitumie kama alivyozoea kuwaita mafundi wenzake, katikati ya swali la kikazi, na mwandishi asiongeze maelezo yoyote, isipokuwa labda kwamba shazia lilisimama.

Mwanamume awe na sababu ya kuona

Hapa ndipo hadithi nyingi za namna hii huharibika. Mwanamume anaingia, anautazama uso wa fundi, anavutiwa, na kuanzia hapo anaipenda kazi yake kwa kuwa anampenda yeye. Mpangilio huo unamrudisha mhusika palepale alipokuwa: kazi yake bado haijaonwa na mtu. Anayestahili ni yule aliyeanza na mkeka. Na ili aanze na mkeka, lazima kazi yake mwenyewe iwe imemfundisha jicho.

Makame wetu ni mshonaji wa mitepe. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za usumba, na kilienda kwa tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Vyombo hivyo vilidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na mfano mmoja mkubwa ulijengwa baadaye ukawekwa Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kamba yenyewe ya usumba ni kazi ya wanawake hata leo katika vijiji vya mashariki ya Unguja: makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi husokotwa viganjani. Makame anajua hivyo, kwa kuwa amekulia miongoni mwa wasokotaji, na anajua kwamba mshono wa upande usioonekana ndio unaoamua kama chombo kitafika.

Kwa hiyo siku anapoingia kununua mkeka, hafanyi wanavyofanya wengine. Anaugeuza:

Aliupitisha mkono upande wa chini, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba, mpaka kidole kikasimama.
“Hapa ulifumua,” alisema.
Mize alimtazama kwa mara ya kwanza.
“Pima nzima,” alisema Makame. “Zambarau ya hapa imechemshwa siku nyingine. Kwa nini ulifumua, fundi? Asingeona mtu.”
“Wewe umeona.”

Sifa za jumla hazimgusi fundi. Mwambie mwanamke anayesuka kwamba mikeka yake ni mizuri sana naye atakushukuru kwa adabu na kuendelea na kazi. Lakini ukimwonyesha pahali alipokosea akarekebisha, utakuwa umemwambia kwamba ulikuwapo naye usiku ule. Hilo ndilo tamko la mapenzi katika hadithi hii, na limekuja mapema, kabla hata wawili hawajaulizana majina. Kinachobaki ni wao kuligundua.

Baada ya hapo Makame aketi, aongee jioni nzima na Bi Kije kuhusu kamba na bei ya makumbi, asipige chafya hata moja. Usimwandikie Mize furaha. Mwandikie tahadhari: ahesabu, angoje, amtilie shaka. Halafu, siku tatu baadaye, mtu huyohuyo mkweli aje tena:

“Nilikuwa napita tu,” alisema Makame akikaa, kisha akapiga chafya iliyomkurupusha paka.
Mize hakuinua uso. “Pole,” alisema. “Ni vumbi la ukindu.”

Mwandishi aliyeijenga kanuni yake vizuri hulipwa hapa. Chafya moja imesema yote ambayo ingehitaji kurasa mbili za kutazamana machoni, na msomaji ameielewa sawasawa na Mize, huku Makame akiwa hana habari.

Kuhusu desturi, usisahau kwamba mwanamke na mwanamume wasiooana hawakai wawili peke yao uani wala usiwakalishe hivyo kwa ajili ya kurahisisha mambo. Kikwazo hicho ni mali. Bi Kije awepo, asiyeona lakini anayesikia mpaka nyayo za kunguni; mtoto wa jirani awepo, akishika ncha ya ukili na kuuliza maswali. Mapenzi yanayopitia katikati ya watu wengine hulazimika kusemwa kwa mafumbo, na mafumbo ndiyo starehe ya msomaji wetu.

Adui hahitajiki, upepo unatosha

Kuna kisa cha zamani cha pwani ambacho wengi wamekisikia utotoni, cha maskini aliyekuwa akichakura jaani na kumnunua paa kwa thumuni. Paa akamtajirisha, akamwozesha binti wa sultani, na paa huyo alipougua, bwana wake akaona hata uji mzuri ni gharama. Paa akafa, akatupwa kisimani, na siku moja yule bwana akaamka akajikuta jaani akichakura. Hicho ni kisa cha asiyethaminiwa kilichoandikwa kwa ukali, na ukali wake ni halali. Hadithi nyepesi haichukui njia hiyo. Haimwadhibu Mwanahamisi, wala haileti sultani kuja kuukalia mkeka na kutangaza kwamba mji mzima ulikosea. Sultani akitangaza, mji utatii, na kutii si kuthamini.

Badala ya adui tumia majira. Makame amekuja na kaskazi, upepo unaovuma takriban Desemba hadi Machi, na kwao ni kaskazini. Kusi likishika, baada ya masika kuanza, mtepe wake lazima uwe tayari kurudi. Tarehe ya kuagana inajulikana tangu siku ya kwanza na hakuna wa kulaumiwa. Hiyo inatosha kuibana hadithi bila kuiweka nzito.

Katikati pa hadithi pana hatari ya kulegea, na dawa yake ni onyesho moja la kuchekesha lenye watu wengi. Mimi ningemleta mshenga. Tajiri wa mji, mjane mwenye maduka mawili, ametuma posa kwa shangazi yake Mize, na mshenga kwa kazi yake ni mtu wa kutia chumvi. Anakaribishwa, anatandikiwa mkeka uliopo, na mkeka uliopo ni wa Mize. “Bwana wetu ni mtu mpole,” anaanza, na chafya inamkata. “Mkarimu.” Chafya. “Umri wake ni...” Hapo hata leso haimsaidii. Shangazi anachemsha tangawizi, wapambe wanafungua madirisha, na Bi Kije kwenye pembe yake anacheka mpaka anapaliwa, kwa kuwa ndiye wa kwanza mjini kuelewa. Shangazi, akihofia kwamba moyo wa binti uko bandarini, anamtupia ile methali ya usiache mbachao kwa msala upitao, yaani usiutupe mkeka wako mkuukuu kwa ajili ya msala wa kupita, na Mize, kwa kuwa ni fundi wa vitu hivyo vyote viwili, anamjibu kwamba mbacha ukitoboka huwa hautandikwi tena, hufungiwa samaki.

Hapa niseme pia jambo dogo la lugha. Kwa vijana wengi wa leo mkeka ni orodha ya mechi walizobashiria, na mkeka ukichanika maana yake fedha zimekwenda. Usiruhusu msemo huo uingie kinywani mwa watu wa mitepe hata kwa utani, lakini uujue, ili usije ukaandika kwa uchungu mkubwa kwamba mkeka wa Mize ulichanika na msomaji wako akaangua kicheko mahali pasipostahili.

Kilele kitokane na ukubwa wa kazi

Tanga la Makame limechakaa. Anamwomba Mize alisuke jipya, na analipa bei anayotajiwa bila kupunguza. Sasa fikiria kama fundi. Mkeka wa chumbani hushonwa mtu akiwa kando yake, akiuvuta na kuuzungusha. Tanga la chombo ni pana mno. Likitandazwa mchangani, mishono ya katikati haifikiwi kutoka ukingoni. Kwa hiyo mwanamke ambaye kwa miaka yote amekwepa kukaa juu ya kazi yake analazimika kuikalia, mchana kweupe, mwanamume akiwa upande wa pili akishikilia kili zisipeperuke na mtoto wa jirani akiokota chane. Hakuna aliyempangia, ila upana wa tanga. Kila mara unapoweza kukifanya kilele kitokane na jambo la kikazi badala ya bahati, fanya hivyo, kwa sababu bahati msomaji anaisamehe lakini haikumbuki.

Mazungumzo yawe machache:

“Kusi likishika nitaondoka,” alisema Makame.
“Ndiyo desturi ya vyombo.”
“Utaona tofauti, nisipokuwepo?”
“Hata kidogo,” alisema Mize, na pua ikaanza kumwasha.

Aipige chafya hiyo. Aipige mara mbili. Halafu aseme tena kwa ukaidi kwamba ni vumbi, na hilo nalo, kwa kuwa ni uongo, limletee ya tatu. Makame, ambaye amekuwa akizihesabu chafya zake mwenyewe kwa miezi mitatu, ataelewa kwa mara moja ni mikeka ya namna gani amekuwa akiikalia, na atakumbuka kila alichowahi kusema juu yake, na ni yeye atakayeona haya. Wacheke wote wawili. Usiweke busu, weka kwamba walirudi kushona, na kwamba mshono uliofuata ulikwenda kombo, na kwamba Mize, kwa mara ya kwanza, hakuufumua.

Mahali pake pasiwe ni mwanamume

Mwandishi akiishia ufukweni atakuwa ameandika mapenzi, lakini hajampa fundi pa kukaa. Kama Mize ataondoka na mtepe, mji utabaki haujui ulimkosa nani, na msomaji atabaki na kero ambayo hataweza kuitaja. Kama Makame atabaki, ni vizuri, lakini bado mji umempata yeye, si kwamba umemwona Mize. Ningependa Makame aende na kusi kama alivyosema na arudi na kaskazi, hilo lisemwe kwa nusu ukurasa, na nafasi iliyobaki wapewe wanawake wa mji.

Siri itavuja kwa njia ya Bi Kije. Baadhi ya watu watairudisha mikeka yao haraka sana, na majina yao yatajulikana kwa haraka hiyo. Wengine watakuja usiku kuagiza mkeka wa kumkalisha mkwe. Haya yaandike kwa wepesi, yasizidi ukurasa mmoja. Wanaoitoa hadithi kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp watashawishika kupachika hapa jambazi au moto, ili sehemu iishie pabaya na watu waidai inayofuata. Chafya inayokatishwa kabla haijatoka huwangojesha wasomaji vilevile, na haikulazimishi kuuteketeza mji ulioujenga kwa shida.

Onyesho la mwisho ni mlangoni kwa Mwanahamisi. Mize amepita kwa shughuli nyingine, mvua ya vuli inanyemelea, na kwa mara ya kwanza anasikia kutoka ndani maneno ambayo kila mtu wa pwani ameyasikia maelfu ya mara na yeye hajawahi kuambiwa katika nyumba hii: karibu kitako. Uliotandikwa ni ule mkeka wa robo riale. Mwanahamisi yumo juu yake tayari, amekunja miguu, kikombe mkononi. Mize anavua viatu, anasita, anakaa.

“Nilikupunja,” anasema Mwanahamisi.

Msomaji anaingoja chafya. Mize anaingoja. Mwanahamisi mwenyewe ameshaweka kikombe chini na kuinua upindo wa kanga karibu na pua. Acha mistari miwili ipite, ya mvua kuanza kugonga makuti na mtoto kukimbia kuingiza viatu ndani, kisha mmiminie Mize kahawa na uweke nukta.